Kituo Kimoja Bondeni

Watu wa mtaani wanasema Bi Khairunnisa hana moyo. Wanasema wakiwa bado kwenye ngazi zake, chai yake wameinywa na visheti vyake wamevila, ndipo wanashuka wakinong'onezana kwamba mume amekufa na chozi hakutoa. Mimi nikiwasikia nawatizama tu. Nimefanya kazi na mwanamke huyu tangu nikiwa msichana na sasa nina wajukuu. Siku ile Kaizar, mtoto aliyemlea, alipopita nilikuwamo chumbani mimi, hao hawakuwamo.

Jina langu Swabaha, mtu wa Mji wa Kale. Kazi yetu ni ya magari. Meli ya watalii ikifunga gati Kilindini, wako wageni ambao safari yao imekomea hapo, na hawataki kubanana kwenye mabasi ya kampuni. Wanataka gari lao peke yao liwatoe bandarini liwafikishe uwanja wa ndege. Hao ndio wateja wetu. Biashara aliianzisha marehemu Valli, mumewe Bi Khairunnisa, lakini Valli alikuwa mtu wa magari na wa kusalimiana na watu. Aliyekuwa akipokea simu na kupanga nani ampeleke nani ni mkewe, akiwa amekaa chumba cha mbele cha nyumba yao ya Bondeni, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Maswali yake hayabadiliki. Meli gani, ndege ya saa ngapi, watu wangapi, mizigo mingapi. Ukimpigia uanze kumsimulia kwamba umetoka fungate na bahari imekutapisha, atakungoja umalize, kisha akuulize mizigo mingapi. Alikuwa hivyo hata enzi za furaha. Si ubaya, ndivyo alivyoumbwa.

Hakujaaliwa kuzaa. Kaizar ni mtoto wa nduguye Valli. Wazazi wa Kaizar walikufa kwa ajali njia ya Voi, mtoto akaletwa Bondeni akiwa anajua kutembea na kuomba maji, na kuanzia siku hiyo akamwita Bi Khairunnisa Mama. Akaogeshwa na yeye, akapelekwa chuoni na skuli na yeye, akipigwa, apigwa na yeye. Alipokua akaenda kupika mikate kwenye meli za watalii, zile zile ambazo sisi tunazingoja bandarini. Miaka imepita hajakanyaga Mombasa, kwani meli zake zilikuwa za bahari nyengine.

Valli alianguka asubuhi moja akivaa viatu. Alasiri ya siku hiyo hiyo alikuwa kaburini, ndio desturi yetu Waislamu, maiti hawekwi. Kaizar alikuwa kati ya bahari. Habari ilimfika maziko yamekwisha na watu wamesharudi makwao.

Tangu hapo Bi Khairunnisa akakaa eda. Mjane kwetu huitwa kizuka mpaka eda yake iishe. Hatoki nyumbani, hajipambi, na haonani na mwanamume ambaye sheria ingeweza kumruhusu aolewe naye. Mwana wa kuzaa anaingia. Ndugu wa tumbo moja anaingia. Kaizar, kwa hesabu hiyo, ni mtoto wa shemeji. Angenyonya ziwa la Bi Khairunnisa uchangani angekuwa mwanawe kisheria kabisa, lakini alikuja akiwa anatafuna nyama, na ziwa lenyewe halikuwahi kuwa na maziwa. Siku za kawaida mambo haya hayakumkera mtu. Kijana alipobaleghe mama akawa anajitanda ushungi mbele yake, basi, wakaendelea kula pamoja na kuteta pamoja. Eda ndiyo iliyokuja kumtoa nje.

Na mwenye kuilinda eda ile, kuliko hata kizuka mwenyewe, ni Mahjabeen, dadake Valli. Alihamia na kitanda chake. Ikigongwa hodi yeye ndiye anayefungua, na akisikia sauti ya kiume anafunga kwanza halafu anauliza. Mwanamke mwema, swala hazimpiti, lakini mimi na yeye hatupatani na sioni haja ya kuficha.

Basi siku hiyo oda ikaingia kwenye simu ya ofisi. Niliisoma, nikaisoma tena. Jina la meli. Ndege ya alasiri ya kwenda Dubai. Mtu mmoja, Kaizar. Na mwisho, pale mteja anapoeleza haja yake nyengine, ameandika: naomba gari lisimame Bondeni kidogo nikatoe pole. Kampuni ya meli ina basi la bure la wafanyakazi linalotoka langoni moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, na huko Dubai alikuwa anakwenda kuungana na meli nyengine iendayo mbali, kwa mkataba mrefu. Nafasi yake ya kumuona mamake ilikuwa ni hiyo tu, kati ya meli na ndege. Na kijana aliyelelewa nyumba ile akabuku gari la nyumba ile kama Mzungu, kwa kuwa aliogopa kupiga simu. Roho iliniuma sana.

Nikamfuata Bi Khairunnisa chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake nyeupe, mikono mapajani, hafanyi chochote.

"Oda imeingia," nikamwambia. "Kilindini mpaka uwanja wa ndege."

"Watu wangapi?"

"Mmoja. Bi Khairunnisa, ni Kaizar."

"Mizigo mingapi?"

Nusura nimrushie ile simu. "Mizigo sikuijua. Anataka kusimama hapa. Anakuja kukuona wewe."

"Muulize mizigo," akasema, "Dishon ajue atoe gari lipi."

Mahjabeen alikuwa mlangoni, masikio yake hayana likizo. Akasema kijana asipande ngazi, yeye atashuka kumpa pole chini. Nikamwambia chini kuna duka la vitambaa, ampe pole kati ya majora ya mapazia? Nikajifunga buibui nikaenda kwa ndugu yangu Kombe, anasomesha chuo cha Kurani huko kwetu, nikamweleza. Kombe akasema mwanamke ajisitiri, wasikae peke yao, kijana aingie atoe pole na amuone aliyemlea, hapana lawama. Nikarudi mbio na maneno yale nikiwa nimejaa kifua.

"Hayo ni ya kwenu Mji wa Kale," Mahjabeen akanijibu. "Nyumba ya baba yangu kizuka haonekani."

"Nyumba ya baba yako ndiyo aliyolelewa huyo mtoto."

"Basi," akasema Bi Khairunnisa. Hakuinua sauti. "Apande. Atakaa ukumbini, mimi nitakaa humu, pazia lishushwe."

Nilingoja Mahjabeen aondoke, nikamkalia karibu. Nikamuuliza kwani yeye mwenyewe hataki kumuona mtoto.

"Sijui ninachotaka, Swabaha," akasema. "Humu ndani mwangu ni kama mtu kanijaza pamba. Nyinyi mkisema nasikia kwa mbali. Chakula nikila hakina ladha. Juzi niliungua na birika, nikatizama mkono, nikasema huu mkono umeungua." Akanionyesha lengelenge limepasuka, hata dawa hakutia. "Valli kafa najua. Nimeona wakimtoa. Lakini kifo hakijanifikia."

Nikampaka asali pale penye jeraha.

Siku ya meli nilikwenda Kilindini na Dishon. Huyu ni dereva wetu wa zamani, Mluhya kutoka Bungoma, mkristo wa kanisa kila Jumapili, na Kaizar alijifunza kushika usukani magotini mwake. Asubuhi alikuja kuchukua funguo, akauliza kuna haja gani ya kuandika kibao cha jina, naye anamjua kijana tangu akiwa hana meno ya mbele.

"Andika," sauti ya Bi Khairunnisa ikatoka nyuma ya pazia. "Mteja asitafute gari."

Akaandika. Tukasimama nje ya lango na kibao chetu kama vichekesho. Watalii walitoka wakapanda mabasi yao ya kwenda kuona ngome na wanyama. Wateja wa wenzetu wakatoka wakaondoka. Kaizar hatumuoni. Mfanyakazi anayeshuka meli moja kwa moja ana mihuri yake, huku uhamiaji, huku kampuni, na jua likazidi kupanda. Dishon akawa anatazama saa na kuguna. Malori yakianza kujipanga Makupa huwezi kutoka kisiwani kwa wakati, na yeye hajawahi kumkosesha mteja ndege.

Alipotokea sikumjua mara moja. Ndevu zimemjaa, mashavu yamebonyea, begi moja mgongoni na moja la kukokota. Akasoma kibao, akacheka, halafu kicheko kikakatika njiani.

"Shikamoo, Bi Swabaha."

"Marahaba, baba. Hao wa melini hawakulishi?"

"Mimi ndiye ninayewalisha wao." Akampa mkono Dishon, wakashikana muda mrefu. Dishon akamwambia pole ya mzee, mzee alikuwa mtu. Kisha akasema tuingie garini tafadhali, tumechelewa.

Njiani nilimweleza habari ya pazia. Nilieleza upesi upesi, kama mtu anayebandua bendeji. Alikuwa akitazama nje, maduka ya Mwembe Tayari yakimpita.

"Fui amesema hivyo?" Fui ndivyo wanavyomwita shangazi.

"Fui kasema. Lakini mama naye kakubali."

"Nilidhani mimi ni mwanawe," akasema, akageuka tena dirishani.

Sasa tazama mambo yalivyo. Mahjabeen hakumlea Kaizar hata wiki moja. Lakini ni shangazi wa damu, kwake yeye hapana kizuizi. Tulipofika juu alimfungulia mlango, akamkumbatia, akamlilia begani mpaka shati likarowa, akamshika mashavu, akamtazama ndevu. Na aliyemuogesha amekaa ndani ya chumba hatua chache toka pale, mbele yake kitambaa cha kijani. Niliona hasira imenipanda mpaka kwenye masikio. Nikampita Mahjabeen, nikainua pembe ya pazia, nikaingia kukaa na bibi yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, uso kaelekeza kwenye pazia. Macho makavu.

"Asalaam aleikum, Mama," Kaizar akasema toka ukumbini.

Bi Khairunnisa alishtuka. Nilimuona. Mabega yalipanda yakabaki juu.

"Waaleikum salaam," akajibu. "Safari ilikuwaje?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Unafanya kazi gani huko?"

"Mikate, Mama. Unajua."

"Nieleze."

Akaeleza, maskini. Kwamba wanaamka kabla ya alfajiri, kwamba unga unakuja kwa magunia, kwamba bahari ikichafuka mkate haufuri sawasawa. Kila akinyamaza mama anamuuliza swali jengine la upuuzi. Oveni ni za gesi au za umeme? Nani anaosha masinia? Mimi nikawa najisema moyoni, mwanamke huyu ana wazimu gani, muda unakwenda na yeye anauliza masinia.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshalia. Mahjabeen akamwambia Kaizar anakwenda kuswali, akaingia chumba cha nyuma, mlango ukafungwa. Chini Dishon akapiga honi mara moja, kwa adabu.

"Mama," Kaizar akasema, sasa sauti ameishusha. "Fui anaswali. Fungua kidogo tu. Nikuone uso."

Nikachukua ushungi wake kitandani nikamtanda kichwani mwenyewe, nikamnong'oneza, haya, mimi niko, hamko peke yenu, Kombe amesema haina lawama. Pazia nimelishika mkononi, nangoja aseme neno. Akanishika kifundo cha mkono. Alikishika kwa nguvu, kwa mkono wake ule ulioungua. Akatikisa kichwa.

Kaizar alingoja. Kisha akasema, "Nisamehe, Mama. Sikuwahi kumzika Ami Valli. Sikumtilia hata mchanga."

"Sema tena," akasema Bi Khairunnisa.

"Nisamehe, Mama, sikuwahi kumzika."

"Sema tena."

Niligeuka kumtazama kwa hasira zote nilizonazo, maana niliona sasa hii ni kumkanyaga mtoto. Na nilipogeuka nikamkuta amefumba macho. Machozi yanamteremka, si kidogo, yanateremka yanaingia mdomoni, na yeye hayafuti. Kinywa kimefunguka kidogo kama cha mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Tangu Valli afe sikuwahi kuuona uso ule una uhai.

Kaizar akasema mara ya tatu, sauti imeanza kumkatika. Naye bibi akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Ni Valli," akaninong'oneza. "Sikiliza. Ni yeye, kabla ugonjwa wa kifua haujamuingia. Nikifungua nitamuona Kaizar. Usifungue."

Nikasikiliza. Wallahi mwili ulinisisimka. Ilikuwa sauti ya Valli tupu, ile ya ujanani, na mikwaruzo yake, na lile neno la mwisho kulimeza. Nilikuwa nimetoka naye Kilindini kiti kimoja na sikusikia lolote, kwa sababu nilikuwa namtazama. Kijana alitoka kwetu sauti bado nyembamba ya ujana, na simu zake zilikuwa za maandishi.

Honi ikalia tena, mara hii bila adabu. Kaizar akasimama, nilisikia kiti. Akaja mpaka kwenye pazia akaweka kiganja, nikaona kitambaa kimetokeza umbo la mkono. Ulikuwa usawa wa uso wa Bi Khairunnisa. Hakuuona, alikuwa bado amefumba macho anangoja asikie.

"Basi, Mama. Nakwenda."

"Nenda salama," akasema.

Nilishuka naye kwa sababu sikuweza kubaki chumbani mle. Dishon akalitoa gari kama mwizi, akapita vichochoro anavyovijua yeye, tukaja kukwama Makupa nyuma ya malori. Joto, vumbi, mtu anauza maji dirishani. Kaizar amekaa nyuma na mikono imelala mapajani, kama alivyokaa mamake siku ile ya oda. Hakuonekana mwenye huzuni wala hasira. Alionekana mtu aliyezimwa.

"Hajanisamehe," akasema.

Ningeweza kumwambia amekusamehe, na yakaisha. Dishon alinitazama kwenye kioo, naona alitaka niseme hivyo. Lakini mimi mdomo wangu haujui kukunja maneno, na nilimuonea uchungu kijana kuondoka na mzigo usio wake.

"Hapana la kusamehe," nikamwambia. "Alilia. Tangu msiba hajalia ila leo. Una sauti ya Ami yako, Kaizar. Ndiyo aliyokuwa akiitaka, ndio maana akawa anakusemesha, ndio maana hakufungua."

Malori yakasogea, nasi tukasogea.

"Kwa hivyo hakuwa akinisikiliza mimi."

"Hakuwa," nikasema. Nilijichukia, lakini nilisema.

Uwanja wa ndege tulifika muda umebaki mchache mno. Dishon akateremsha mabegi mbio. Akamkumbatia kijana, akamsukuma mlangoni, nenda, nenda. Kaizar akapiga hatua, akasimama kando ya mlango pale watu wanapopitisha mizigo. Akatoa simu akaiweka karibu na mdomo, anamrekodia mtu. Nikasogea kumharakisha, ndipo nikasikia.

"Mama," alianza, "mimi Kaizar, nimefika uwanja wa ndege—"

Akatazama simu, akaifuta ile sauti aliyorekodi. Mlinzi akamwita, akainua kidole, angoje. Akarekodi upya. Mara hii hakusema Mama wala hakujitaja jina. Alisema amefika, hajambo, njiani kulikuwa na malori mengi Makupa, jua kali, Dishon kaendesha vizuri. Alimwambia ale, asilale na njaa. Alizungumza polepole, kwa sauti nzito, akivuta kila neno ili rekodi irefuke, na mlinzi akamwita tena.